Mipira na mabomba ya maji ya samaki: Mfugaji wa Kasese na Bwera azingatie nini anaponunua?

Vifaranga wa samaki wanapokutwa wameelea asubuhi katika tangi lililojazwa maji jana yake, lawama huanza kwa chakula, zikahamia kwa aliyewauza vifaranga, kisha zikaishia kwa maji yenyewe. Ni nadra mtu akautazama mpira ulioyafikisha maji hayo tangini. Hata hivyo mpira, bomba, koki na gundi ya kuungia vyote hugusana na maji, na chochote vinachoachia huingia katika mwili wa kiumbe asiyeweza kuyakimbia maji anamoishi.

Katika wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda, kuanzia mji wa Kasese wenyewe hadi Bwera iliyo jirani na mpaka wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, suala hili lina uzito wa pekee. Mfugaji wa ngege, ambaye Watanzania humwita sato, au wa kambare katika tangi la turubai au la saruji, na mwenye tangi la kioo la samaki wa mapambo sebuleni, wote huingia katika maduka yale yale ya vifaa vya ujenzi. Vingi kati ya vifaa wanavyouziwa vilitengenezwa kwa ajili ya kumwagilia bustani, kuosha magari au kupitisha maji ya kuchanganyia saruji.

Lugha yetu nayo haisaidii. Kiswahili kimekusanya chini ya neno moja, mpira, vitu ambavyo kikemia havina undugu: utomvu wa mti, plastiki laini ya PVC, silikoni na raba ya tairi. Mteja akiomba “mpira wa maji mita kumi” muuzaji hana kosa akimkatia wowote ulio karibu na mkono wake.

Kwa nini samaki huumia kabla ya binadamu

Mtu hunywa lita mbili au tatu za maji kwa siku, tena tumbo, ini na figo hukaa njiani kuyapunguzia makali. Samaki huyapitisha maji kwenye matamvua yake mchana kutwa na usiku kucha, na utando wa matamvua ni mwembamba kiasi cha kuruhusu oksijeni iingie moja kwa moja katika damu. Panapopita oksijeni, vingine pia hupata njia. Shaba iliyoyeyuka, kwa mfano, huyavuruga matamvua yasiweze kushikilia chumvi za mwili, na samaki hudhoofika ingawa maji yanaonekana safi.

Ndiyo maana maji yanayofaa kunywa yanaweza kuwa hatari tangini. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, WHO, unaruhusu hadi miligramu 2 za shaba katika lita moja ya maji ya kunywa. Samaki wachanga wa spishi nyeti huweza kufa kwa mikrogramu makumi kadhaa tu kwa lita, yaani sehemu ndogo sana ya kiwango hicho, na konokono na kamba wa majini ni wepesi zaidi kudhurika. Ngege na kambare ni wastahimilivu kuliko samaki wengi, lakini ustahimilivu wao ni wa samaki mkubwa. Yai na kifaranga ni habari nyingine.

Jambo la pili ni ulaini wa maji. Maji yenye chokaa nyingi huifunga shaba na kuipunguzia sumu; maji laini huiacha huru. Wataalamu wa ufugaji wa samaki wanaotumia salfeti ya shaba kama dawa ya vimelea na mwani wana kanuni kali juu ya hili: ikiwa alkalini ya maji iko chini ya miligramu 50 kwa lita, dawa hiyo haitumiki kabisa. Mito inayoshuka kutoka milima ya Rwenzori hupita juu ya miamba migumu ya kale isiyotoa chokaa nyingi, kwa hiyo maji yake kwa kawaida ni laini. Koki ambayo haikuwadhuru samaki wa mahali penye maji magumu inaweza kuleta balaa kwa samaki wa mahali pengine anayetumia maji ya mlimani.

Shaba iliyokwisha kuwamo majini

Mji wa Kasese ulikua kwa sababu ya shaba. Reli iliyotoka mashariki ilifika hapo mwaka 1956, mwaka ambao mgodi wa Kilembe ulianza uzalishaji chini ya kampuni iliyomilikiwa kwa sehemu kubwa na Falconbridge ya Canada. Shaba hiyo ilisafirishwa kwenda kuyeyushwa Jinja. Uchimbaji mkubwa ulikoma mwanzoni mwa miaka ya 1980, lakini mabaki ya kusaga mawe yaliachwa katika bonde la mto Nyamwamba, mengine kandokando kabisa ya maji.

Karibu na mji kuliachwa pia lundo kubwa la mabaki ya pairaiti yenye kobalti. Mvua ilipolipiga lundo hilo, asidi ilitiririka na madini hadi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, kuelekea Ziwa George. Mwaka 1999 kiwanda cha kuchenjua kobalti kilianza kulitumia lundo hilo kwa msaada wa bakteria, kazi iliyodumu zaidi ya mwongo mmoja. Watafiti waliopima udongo, tope la mto na maji katika bonde la Kilembe wamekuta shaba, kobalti, nikeli na zinki kwa viwango vilivyozidi hali ya kawaida katika maeneo kadhaa.

Mafuriko nayo huyasambaza mabaki hayo. Nyamwamba ilifurika Mei 2013, na Mei 2020 ilifurika tena pamoja na mito mingine ya wilaya, ukiwemo Lhubiriha unaopita mpakani karibu na Bwera. Ardhi iliyofunikwa na tope la mafuriko ya Nyamwamba inaweza kuwa na madini ambayo hayakuwapo hapo awali.

Haifuati kwamba maji yote ya Kasese ni sumu. Vijito vingi vya wilaya havina uhusiano wowote na mgodi. Ila mfugaji anayechota Nyamwamba au kisima kilicho bondeni mwake huanza na mzigo, na hana nafasi ya kuongeza mwingine kwa koki na viunganishi vya shaba.

Viungo vya chuma

Kichwa kile cha rangi ya dhahabu kinachong’aa mwishoni mwa mpira kwa kawaida ni shaba ya njano, yaani mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, ambao mara nyingi huongezwa risasi kidogo ili uchongeke kwa urahisi. Kikipitisha maji kwa dakika tano mara moja kwa wiki, madhara ni madogo. Kikikaa ndani ya mzunguko wa pampu, maji yaleyale yakakipita mara mia kwa siku, kinachoyeyuka hujikusanya.

Bomba la chuma lililopakwa zinki na tangi la mabati yana tatizo la namna hiyo, na maji yenye asidi huliharakisha. Madini hayatoki kwa kuachwa yakae, wala kwa kuchemshwa, ambako huyaongeza ukali maji yanapopungua. Dawa yake ni kubadilisha maji na kuondoa chanzo. Badala ya viungo hivyo viko vya plastiki ngumu, ambavyo bei yake mara nyingi ni nafuu, au vya chuma cha pua pale panapohitajika nguvu.

Mpira wa bustani na jua la Ikweta

Plastiki ya PVC kwa asili yake ni ngumu. Ili ikunjike kama mpira huchanganywa na vilainishi, ambavyo vinaweza kufikia theluthi ya uzito wake au zaidi. Vilainishi hivyo, vingi vikiwa vya jamii ya ftaleti, havikushikamana na plastiki kwa kifungo cha kikemia; huhama polepole kwenda kwenye maji, na joto huongeza mwendo wao. Ile harufu kali ya mpira mpya, na ule utelezi unaobaki vidoleni, ndiyo dalili ya kwanza. Watengenezaji wengine huongeza dawa ya kuzuia mwani na kuvu. Mkulima huipenda, samaki hana sababu ya kuipenda.

Mwaka 2012 shirika la Ecology Center la jimbo la Michigan nchini Marekani lilipima mipira ya bustani iliyokuwa ikiuzwa madukani humo. Baadhi ilikuwa na risasi na ftaleti, na maji yaliyoachwa ndani ya mpira mmoja juani yalikutwa na risasi iliyopita mara kadhaa kiwango kinachoruhusiwa katika maji ya kunywa ya nchi hiyo. Marekani ina sheria na maabara za kutosha. Mipira isiyo na maandishi yoyote inayouzwa kwa mita katika masoko yetu haijapitia hata uchunguzi huo.

Mstari wa Ikweta hukatiza wilaya ya Kasese, na uwanda wake ni wa joto. Mpira uliolazwa juani saa sita mchana hupika maji yaliyomo ndani yake. Mpira wa mita 20 wenye upana wa ndani wa robo tatu ya inchi hubeba karibu lita 6, na hizo ndizo huwafikia samaki kwanza: zimesimama, zimepata moto, zimejaa kilichotoka katika plastiki. Kumwaga jerikani mbili za mwanzo kabla ya kuuelekeza mpira tangini ni tahadhari isiyogharimu kitu, na maji hayo mboga zitayapokea.

Mpira huu ulifanya kazi gani jana?

Katika mashamba ya familia, kifaa kimoja hufanya kazi nyingi, na hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote zilizotajwa hadi sasa. Kasese ni wilaya ya pamba, kahawa na mifugo. Dawa za kuua wadudu wa pamba na kupe wa ng’ombe mara nyingi ni za jamii ya pairethroidi, kama vile saipamethrini. Kwa binadamu na ng’ombe zina sumu ya wastani zikitumiwa ipasavyo. Kwa samaki ni miongoni mwa sumu kali kabisa: mikrogramu chache kwa lita huweza kuwaua.

Hesabu yake inatisha. Mililita moja ya dawa yenye nguvu ya asilimia 5 ina miligramu 50 za saipamethrini. Ikisalia ndani ya mpira, kisha mpira huo ukajaza tangi la lita 10,000, maji yote yatakuwa na mikrogramu 5 kwa lita. Mililita moja ni matone ishirini hivi.

Kuosha hakutoshi. Pairethroidi hupenda mafuta kuliko maji, na vilainishi vya PVC ni vya tabia ya mafuta, kwa hiyo dawa huzama ndani ya ukuta wa mpira na kutoka kidogo kidogo kwa muda mrefu. Sabuni husafisha uso wa ndani tu. Hali ni hiyo hiyo kwa mpira uliotumika kuvuta petroli au dizeli kutoka jerikani moja kwenda nyingine, na kwa jerikani zenyewe. Mpira uliopitisha dawa au mafuta usirudi kwa samaki kamwe. Ni vyema mpira wa samaki ufungwe utepe wa rangi moja, utundikwe peke yake kivulini, na kila mtu nyumbani, watoto wakiwemo, ajue maana ya utepe huo.

Kinachofaa kununuliwa

Kwa njia ndefu kutoka kwenye chanzo, bomba jeusi la poliethilini nzito lenye mistari ya buluu ndilo chaguo la kwanza. Mafundi hulijua kwa herufi zake, HDPE, na ndilo hutumika sana katika miradi ya maji ya mserereko inayoshuka kutoka milimani. Halihitaji kilainishi, weusi wake hulikinga na jua na kuzuia mwani kuota ndani. Mistari ya buluu huashiria maji ya kunywa. Ya njano ni ya gesi. Ubavuni mwake pasomeke jina la mtengenezaji, kipenyo, daraja la shinikizo linaloanza na herufi PN, na namba ya kiwango, mara nyingi ISO 4427. Bomba gumu la PVC la maji ya kunywa, ambalo kiwango chake cha kimataifa ni ISO 1452, nalo linafaa. Lile la kijivu au rangi ya chungwa la maji machafu lina kazi nyingine, na halikukusudiwa kwa maji ya viumbe hai. Alama ya Shirika la Viwango la Uganda, UNBS, ni ya kutafutwa pia, ingawa soko la Mpondwe, lililo hatua chache kutoka Bwera, hupitisha bidhaa za kila asili na alama iliyochapwa si hakikisho lenyewe.

Palipo na haja ya kukunjika, yaani kati ya pampu na tangi au kwa kuvutia uchafu chini, silikoni ndiyo bora. Haina harufu, hustahimili joto, hubaki laini miaka na miaka. Udhaifu wake ni bei, na kwamba haivumilii shinikizo kubwa. Asiyeimudu achague mpira wa PVC ulioandikwa kuwa ni wa chakula au maji ya kunywa. Alama ya glasi na uma ndiyo itumiwayo Ulaya, na namba NSF 61 hupatikana kwenye bidhaa za Marekani. Kwa kuwa silikoni ni ghali, inatosha kuitumia mita moja ya mwisho na kuacha HDPE ifanye safari iliyobaki.

Mirija myembamba ya hewa ya matangi ya vioo haina hatari kubwa ya kemikali, kwa sababu maji hayapiti ndani yake. Hatari yake ni umeme kukatika: pampu iliyo chini ya usawa wa maji ikizimika, maji hurudi kupitia mrija hadi kwenye pampu na sakafuni. Vali ndogo ya kuzuia maji yasirudi humaliza tatizo hilo.

Gundi, vipande vya tubu na klorini

Gundi ya PVC ina vimumunyishi vikali. Iachwe ikauke saa 24, kisha bomba lisuuzwe kwa maji mengi kabla samaki hawajaingia. Silikoni ya kuzibia mianya ya vioo iwe isiyo na dawa ya kuvu. Ile ya bafuni mara nyingi inayo, na imewahi kuua samaki wa watu wengi waliodhani silikoni ni silikoni.

Mafundi wetu hupenda kufunga maungio kwa vipande vya tubu ya tairi. Kwa nje, si tatizo kubwa. Kikiingizwa ndani kama kizibo, kinagusana na maji, na raba ya magari hubeba zinki na kemikali nyingi za kuihifadhi. Mwishoni mwa mwaka 2020 watafiti katika jimbo la Washington, Marekani, walitangaza kwamba kemikali moja itokanayo na kihifadhi cha tairi, 6PPD-kwinoni, ndiyo iliyokuwa ikiwaua samaki aina ya salmoni wa coho kila mvua ilipoosha barabara. Samaki wengine hawadhuriki kwa kiwango hicho, lakini ugunduzi huo ulionyesha ni kiasi gani raba ya tairi ilikuwa haijulikani vizuri.

Kuhusu klorini, mpira husingiziwa mara nyingi. Maji ya bomba hutiwa klorini ili yafike kwa mlaji yakiwa bado na angalau miligramu 0.2 kwa lita, kiasi kinachochoma matamvua. Yaachwe kwenye chombo kilicho wazi kwa siku moja au mbili, yakitiwa hewa ikiwezekana, au yatiwe thiosalfeti ya sodiamu. Wakazi wa Bwera walizoea harufu ya klorini mwaka 2019, baada ya Uganda kuthibitisha Ebola wilayani humo tarehe 11 Juni na vituo vya kunawa mikono kuenea kila mahali. Mchanganyiko wa kusafishia vifaa vya hospitali una miligramu 5,000 kwa lita. Ndoo au mpira uliowahi kubeba mchanganyiko wa namna hiyo usuuzwe mara nyingi na kuanikwa hadi harufu iishe, na ukaguliwe kama haujapasuka, kwani klorini kali huichosha plastiki.

Kuupima mpira nyumbani

Mwenye shaka anaweza kukata kipande cha mpira cha nusu mita, akakizamisha katika ndoo safi yenye maji anayotumia siku zote, isiyo na klorini, na kuiacha penye joto kwa saa 48. Ndoo ya pili iwe na maji hayo hayo bila mpira. Kipande kikishatolewa na maji yakipoa, kila ndoo iwekwe vifaranga watano, zote mbili zikipata hewa sawa, kivuli sawa na bila chakula, zitazamwe siku tatu. Wa ndoo ya kwanza wakihema juu ya maji, wakiyumba au wakifa huku wenzao wakiwa wazima, mpira huo ubaki wa bustani. Jaribio hili haligundui madhara ya polepole, kama yale ya ftaleti kwa uzazi, lakini hunasa sumu ya ghafla. Wakifa wa ndoo zote mbili, mpira hauna kesi. Sampuli ya maji ipelekwe kupimwa shaba na zinki, na afisa uvuvi wa wilaya ndiye wa kuulizwa maabara iliyo karibu.